Kusikiliza Pande Mbili: Jawabu kwa Karani wa Rombo



Imetufikia barua ya kijana mmoja wa mwambao wetu, aliyepata kukaa nasi katika darsa kwa miaka miwili, na sasa yu karani katika shamba la vitunguu na nyanya huko Rombo, Kajiado ya kusini, chini ya mlima Kilimanjaro, karibu na mpaka wa Tanzania. Hatutamtaja jina, wala shamba, wala mtu yeyote aliyemo katika khabari yake, kwa sababu itakayodhihiri mbele. Lakini jambo lake si lake peke yake. Twanunua sokoni nyanya na vitunguu vya Loitokitok wala hatuulizi vimepita mikononi mwa nani. Na katika maduka yetu, na maghala yetu, na hata katika madrasa zetu, yako mambo yanayofanana na hayo ya Rombo, nasi twayafunika kwa mkeka.

Barua yasema hivi kwa ufupi. Wanawake vibarua watatu walimjia jioni, baada ya magunia kupakiwa, wakamwambia ya kwamba nyapara wao huwatukana matusi ya nguoni mbele ya watu. Kwamba mmoja wao alishikwa nyuma ya banda la kupangia nyanya. Na kwamba alipokataa, juma lile aliandikwa siku nne badala ya sita. Karani akampigia simu mwenye shamba, aliyeko Nairobi. Mwenye shamba akajibu: "Wewe ndiye msomi hapo. Chunguza, unipe jawabu Ijumaa." Kisha simu ikakatwa. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Na nyapara huyo ndiye aliyempatia karani kazi yake, na nyumba wanayolala ni moja. Mume wa mmoja wa wanawake hao amekwisha kusema kwamba atakuja na panga.

Ndugu yetu auliza mambo matatu: je, aikubali kazi hiyo ya uchunguzi? Akiikubali, aifanye vipi? Na ikiwa hapana mtu aliyeona kwa macho yake, aandike nini?

Swali la kwanza ndilo zito, na watu wengi hulipita mbio. Mwenye shamba amedhani kwamba kujua kusoma na kuandika ndiko kufaa kuhukumu. La. Huyu karani anadaiwa fadhila na mshtakiwa. Hula naye chungu kimoja na hulala naye chini ya paa moja. Akimtia hatiani, watu watasema amemlipa mwema wake kwa ubaya. Akimwachilia, watasema amelipa deni. Hata akisema kweli tupu, kweli yake haitaaminiwa na upande mmoja, na uchunguzi usioaminiwa hautulizi panga la mtu yeyote. Wazee wetu walikwisha kuifanyia mzaha kesi ya ngedere inayopelekwa kwa nyani.

Lakini liko jambo jingine katika barua yake ambalo yeye mwenyewe ameliandika pasipo kulitambua. Asema kwamba kila jioni nyapara humsomea majina, naye huyatia katika daftari la siku. Basi zile siku nne za yule mwanamke zimeandikwa kwa mkono wa nani? Kwa mkono wa karani. Yeye ni shahidi katika jambo hili, na huenda akawa shahidi mkubwa kuliko wote; na shahidi haketi juu ya kiti cha hakimu.

Kwa hiyo jawabu letu ni hili: asiikubali kazi ya kuamua, wala asiitupe kazi yote. Amwandikie mwenye shamba leo hii, kwa maandishi si kwa simu, kwamba yeye na nyapara wana ujamaa wa namna hii na hii, na kwamba daftari ni lake, na kwa sababu hizo amwomba ateue mtu mwingine wa kusikiliza na kuamua. Huku akingoja, alihifadhi daftari mahali ambapo mkono wa pili haufiki, aandike tarehe na saa ambayo wanawake walimjia na maneno waliyoyasema kama walivyoyasema, pasipo kuyasafisha, kisha anyamaze. Na asilale tena katika nyumba ile mpaka jambo liishe. Gharama ya kitanda kingine kwa siku chache ni ndogo.

Huyo mtu mwingine atatoka wapi huko Rombo? Hapa twajua si Mombasa. Kule Athi River, jirani na Kitengela, kwenye viwanda vya nguo vya kuuza ng'ambo vilivyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1990, kuna ofisi za watumishi na chama cha wafanyakazi, ingawa hayo hayakuja bure, na migomo ya Januari mwaka 2003 ni ushahidi wa jinsi malalamiko yasiyosikizwa yanavyofurika siku moja. Rombo kuna mifereji, na mabanda ya mabati, na watu wa makabila na nchi mbili wanaolipwa kwa siku. Hata hivyo, mwalimu mwanamke aliyestaafu hukosekana? Mzee wa kanisa au wa msikiti asiye na jamaa katika shamba lile hukosekana? Mwenye shamba mwenyewe hawezi kupanda gari? Ampate mtu mmoja au wawili, mmoja wao awe mwanamke, kwa sababu mwanamke aliyeshikwa nyuma ya banda hatalisimulia tendo hilo mbele ya wanaume watatu waliokunja mikono.

Sasa tuingie katika namna ya kuchunguza. Na tuanze na namna tulizozizoea, kwa kuwa hizo ndizo zitakazomjia mwenye shamba kwanza.

Namna ya kwanza ni ya viapo. Hapa pwani kitu kikipotea dukani au neno baya likisemwa ghalani, wako mpaka leo watu wenye kukimbilia kiapo cha mkate, mshukiwa amezeshwe tonge iliyosomewa, akikwama koo ndiye mwizi. Na jirani zetu wana kiapo chao cha shoka la moto. Koo hukauka kwa khofu kama linavyokauka kwa hatia, na mwenye moyo mgumu humeza hata jiwe. Huko si kuchunguza. Ni kuikimbia kazi ya kuchunguza na kumtwika Mungu uvivu wetu.

Namna ya pili ni suluhu ya haraka. Nayo ni hatari zaidi kwa sababu ina sura nzuri. Huitwa mzee, hupikwa chai, kila mtu huambiwa asamehe, mikono hushikwa, na kesho asubuhi nyapara husoma majina kama jana. Suluhu ni jambo jema katika deni na mpaka wa shamba, ambapo wawili wana nguvu sawa na kila mmoja ana kitu cha kupunguza. Lakini huyu mwanamke apunguze nini? Siku zake mbili alizokwisha kunyimwa? Kupatanisha kabla ya kujua kilichotokea ni kumwambia mnyonge azoee. Wengi wetu wenye kufanya suluhu hizo twasifiwa kwa hekima. Nami nakiri kuwa nimeketi katika moja au mbili za namna hiyo, na sijivunii.

Namna ya tatu ni ya mwenye hasira: kumfukuza mtu papo hapo. Wengine humfukuza nyapara, ili kelele zikome. Wengi zaidi huwafukuza wanawake, kwa kuwa ni rahisi, kibarua husemwa tu, "Kesho usije."

Katika mambo yetu wenyewe tunayo khabari moja ambayo yafaa isomwe pole pole na kila mwenye kuajiri watu. Watu wa Kufa walimshtaki liwali wao, Saad bin Abi Waqqas, kwa Khalifa Umar. Saad hakuwa mtu mdogo. Alikuwa katika Masahaba wakubwa na ndiye aliyekuwa jemadari huko Kadisia. Hata hivyo Umar hakuwaambia walalamikaji, "Mwamjua mnayemsema?" Alimwondoa Saad katika kazi, akamweka Ammar mahali pake, kisha akamwita na kumwambia uso kwa uso lile alilosemwa, nalo lilikuwa kwamba hata sala hasalishi vizuri. Saad akaeleza anavyosalisha. Umar akamwambia kwamba ndivyo alivyomdhania. Basi je, jambo likaisha hapo, kwa kuwa mkubwa amemwamini mkubwa mwenziwe? Halikuisha. Alipeleka watu Kufa wakauliza msikiti kwa msikiti, hawakuacha hata mmoja. Kote alisifiwa, ila katika msikiti mmoja mtu mmoja alisimama akamshtaki kwa mambo matatu: kwamba hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa, wala hahukumu kwa haki. Hakunyamazishwa, maneno yake yamehifadhiwa mpaka leo pamoja na jina lake. Na Umar alipokuwa katika maradhi ya kifo, mwaka 23 wa Hijra, alimtia Saad katika wale sita wa kuchaguliwa mmoja wao awe Khalifa, akawaeleza watu ya kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana.

Tazama yaliyomo. Kumweka kando mtumishi wakati wa uchunguzi si kumhukumu. Mshtakiwa huambiwa shtaka lake kwa maneno yaliyo wazi. Rai njema ya mkubwa haitoshi kuwa ushahidi, bali hutafutwa khabari kwa wale waliokuwa chini ya mtu huyo. Anayesema peke yake kinyume cha wote huachwa aseme. Na mtu akisafika, husafishwa kwa sauti ile ile aliyoshtakiwa nayo, si kwa kunong'onezwa.

Lakini tusiige umbo tukaacha maana. Wajumbe wale waliuliza hadharani, na Saad akiwa pamoja nao. Watu wa Kufa hawakuwa wenye kuogopa liwali, kama khabari yenyewe ionyeshavyo. Vibarua wa Rombo waogopa, tena kwa haki, kwa maana mkate wa kesho umo katika kinywa cha yule asomaye majina. Kuwauliza wanawake wale mbele ya nyapara, au mbele ya vibarua arobaini, ni kuwataka wanyamaze. Waulizwe mmoja mmoja, mahali pa faragha pasipo banda lile.

Sheria ya Kenya nayo ina mengi katika jambo hili, na wenye mashamba madogo hudhani kwamba haiwahusu. Yawahusu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamlazimisha mwajiri, kabla ya kumwondoa mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mtumishi ana haki ya kuwa na mwenziwe wa kazini au mjumbe wa chama amteuaye mwenyewe, na maneno ya hao wawili sharti yasikilizwe na kufikiriwa. Hayo ni wajibu hata kwa kosa kubwa la kufukuzwa bila ilani. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Shirika la Posta, iliyahesabu mambo hayo moja moja kama nguzo ambazo sharti zionekane. Na miaka sita kabla ya hapo Mahakama ya Kazi ilikuwa imekwisha kuyaeleza karibu na kwetu, katika kesi iliyoihusu kampuni ya maji ya Malindi. Mwaka huo huo wa 2013, katika kesi ya mwalimu na Tume ya Kuajiri Walimu, mahakama ilifafanua kwamba kuachishwa kazi kwa haki kuna miguu miwili: sababu iliyo ya kweli, na njia iliyo ya haki. Mguu mmoja ukikatwa, mwajiri huanguka, hata kama aliyefukuzwa alikuwa mbaya kweli kweli, na huweza kuamriwa alipe fidia ifikayo mshahara wa miezi 12.

Hili huwaudhi watu. Husema: mtu amewashika wanawake, nasi tumsikilize? Ndiyo, asikilizwe. Ukimfukuza pasipo kumsikiliza, atakwenda mahakamani, atashinda, atarudi Rombo na fedha na ushindi, na wanawake wale wataonekana waongo mbele ya watu. Haki ya mshtakiwa ndiyo itakayoifanya haki ya mlalamikaji isimame.

Wala haipasi kuwa na kikao chenye madaha ya mahakama. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema katika kesi ya Mamlaka ya Mapato kwamba uadilifu wa kusikilizwa haupimwi kwa kuwa ni kwa mdomo tu; maandishi nayo huweza kutosha. Lakini huko Rombo, penye watu wa Kimaasai na Kikamba na Kichaga, na wengi wasiosoma barua, mdomo ni bora, na mkalimani awepo ikihitajiwa. Barua ya Kiingereza aliyopewa mtu asiyejua Kiingereza, akatia kidole gumba, haikumweleza chochote.

Kuhusu vibarua, mwenye shamba asidanganyike. Kifungu cha 37 chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake hufikia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa mtumishi wa mshahara wa mwezi, na ilani ya kuachishwa humpasa. Wale wanawake watatu, kwa mujibu wa barua, wamevuna hapo tangu msimu uliopita. "Kesho usije" si neno jepesi tena. Na kifungu cha 46 chakataza kumwondoa mtu kwa sababu ameleta malalamiko juu ya mwajiri wake, isipokuwa malalamiko hayo yakionyeshwa kuwa ya ovyo na yasiyo na msingi.

Juu ya udhia wa kijinsia kuna kifungu cha 6. Chahesabu ndani yake kumtaka mtumishi tendo la ngono kwa ahadi ya upendeleo au kwa kitisho cha kumdhuru kazini, na maneno ya uchafu, na picha, na kumgusa asikotaka. Kitisho cha kupunguziwa siku kimo humo waziwazi. Mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi sharti atoe tangazo la kanuni, baada ya kushauriana nao, lieleze jinsi ya kuleta malalamiko, na liahidi kwamba jina la mlalamikaji halitatangazwa ila pale inapohitajiwa kwa uchunguzi au kwa adhabu. Tuonavyo sisi, shamba lenye wa kudumu wanane na vibarua thelathini wakati wa mavuno lisijifiche nyuma ya hesabu ya wanane. Tena, mwenye cheo anayemtaka mtu kwa njia hiyo ametajwa pia katika Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Basi yule aliyeshikwa aambiwe tangu mwanzo kwamba mlango wa polisi u wazi, wala uchunguzi wa shamba haumfungii. Mwenye shamba akimshika mkono na kumwambia "tuyamalize nyumbani," ameanza kufanya kosa la pili.

Hapa natoka kidogo nje ya njia. Ukiisoma sheria hiyo ya 2007 katika kifungu cha 44, utaona kwamba mtumishi anayemtukana mwajiri wake au mkubwa wake aweza kufukuzwa mara moja. Sikuona hapo neno lililo sawa na hilo kwa mkubwa anayemtukana mdogo. Uonevu wa matusi, wa kudhalilisha mtu mbele ya wenziwe kila siku mpaka aache kazi mwenyewe, haukupewa jina lake. Mahakama imejaribu kuziba pengo: mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba mtu aliyefanyiwa mambo yasiyovumilika hata akaondoka huweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa. Na Mkataba wa 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni mwaka 2019, waeleza kwamba ukatili na udhia kazini ni mwenendo unaodhuru au unaoelekea kudhuru mwili, nafsi, heshima ya kijinsia au riziki, uwe ni wa mara moja au wa kurudiwa. Nao wamgusa hata kibarua, na hata mtu anayetafuta kazi. Kwa hiyo karani asiwaambie wale wawili waliotukanwa tu kwamba shauri lao ni dogo, la mwenzao aliyeshikwa ndilo kubwa. Yote matatu yaandikwe.

Twende kwenye swali la tatu: hapana aliyeona.

Kanuni tunayoijua sote ni kwamba mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Lakini wengi huifasiri kana kwamba ushahidi ni jicho peke yake. Mwenye kumshika mwanamke nyuma ya banda hakuchagua nyuma ya banda kwa bahati. Ikiwa tutadai macho mawili kwa kila jambo lililotendwa kwa siri, tumempa kila nyapara ruhusa iliyoandikwa. Hapa hatusimamishi hadi ya sharia, wala hatumpeleki mtu jela. Twatafuta kujua kama huyu afaa kusoma majina ya watu jioni. Sheria yenyewe, katika kifungu cha 43, yasema sababu za kumwachisha mtu ni yale mambo ambayo mwajiri aliyaamini kwa kweli wakati ule. Nayo imani hiyo sharti iwe na mahali pa kukanyaga.

Pa kukanyaga ni wapi? Ni katika vitu vidogo. Daftari lasema siku nne. Je, dereva aliyewaleta vibarua kutoka Illasit alimwona mwanamke yule siku ya tano na ya sita? Mpishi alimpa uji? Yako makasha yaliyotiwa alama yake siku hizo? Ikiwa alifanya kazi siku sita na kuandikwa nne, basi tayari tumepata jambo moja lisilotegemea neno la mtu, na nyapara ataulizwa alieleze. Je, mwanamke alimwambia mtu siku ile ile, dada au jirani, kabla ya kujua kwamba siku zimekatwa? Maneno aliyoyasema wakati ule yafanana na anayoyasema sasa? Ziko simu za usiku? Zipo jumbe? Je, wanawake walioacha kazi msimu uliopita wasemaje, kila mmoja akiulizwa pekee, kwa swali lililo wazi, si kwa swali lenye jawabu tumboni? Asiulizwe, "Nyapara alikushika, sivyo?" Aulizwe, "Kwa nini uliacha kazi?" kisha aachwe aseme.

Na vivyo hivyo zitafutwe khabari zinazomsaidia nyapara, kwa bidii ile ile. Huenda siku ile alikuwa Loitokitok kwa shughuli ya mbolea. Huenda kuna ugomvi wa zamani juu ya maji ya mfereji kati ya mume wa mwanamke na yeye. Huenda karani mwenyewe alikosea kuandika. Akisema anao mashahidi, waitwe wote, si wale tunaowapenda. Nabii Daudi, katika Sura ya Sad, alifikiwa na wawili, mmoja mwenye kondoo 99 na mwingine mmoja tu, akamtamkia wa kwanza kusema kwamba amedhulumiwa. Ndipo akatambua kwamba alikuwa akitahiniwa, akaomba maghufira. Wako wafasiri walioona kosa lake ni kuharakia neno kabla ya wa pili kusema. Ikiwa Nabii alitahiniwa kwa jambo hilo, mwenye shamba aliyeshika simu Nairobi ajione wapi?

Baada ya hayo, msikilizaji atapima. Na mizani ikibaki sawa, aandike hivyo: halikuthibiti. Asiandike kwamba wanawake ni waongo. Baina ya jambo lisilothibiti na uongo kuna bahari. Mwenye kudai uongo naye ni mdai, na yampasa alete ushahidi wake.

Huenda msomaji akasema, haya yote ni makubwa kwa shamba la ekari chache. Basi atazame kilichotokea kwa wakubwa. Februari mwaka 2023 shirika la khabari la BBC lilionyesha filamu kutoka mashamba ya chai ya Kericho, mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 walisema wameonewa kingono na wasimamizi wao. Hao hawakukosa karatasi. Unilever ilikuwa imekwisha kushtumiwa zaidi ya miaka kumi nyuma, ikatangaza kwamba haitavumilia, ikaweka na njia ya kuleta malalamiko. Na BBC ikaeleza kwamba ilipata dalili kuwa malalamiko hayo hayakuwa yakifuatwa. Mpaka mwandishi wa khabari akajifanya mtafuta kazi, akaficha kamera mwilini. Baraza la Bunge likataka uchunguzi ufanywe. Lakini fikiri: wanawake wale walikuwa na mlango ulioandikwa "Leta malalamiko yako hapa," nao hawakuuamini, kwa kuwa walijua nani aketi nyuma yake. Vibarua wa Rombo hawana mlango wowote, nao walikwenda kwa karani. Walimwamini. Hiyo ndiyo amana aliyo nayo mkononi, na ndiyo sababu hatukutaja majina: Rombo ni padogo, na jina moja likivuka Emali litakuwa limefika Mombasa kabla ya magunia.

Yabaki mambo machache ya kazi. Nyapara asisome majina mpaka jambo liishe. Alipwe mshahara wake kama kawaida, na majina yasomwe na mwingine. Wanawake wasihamishwe kwenda kazi duni kwa kisingizio cha kuwalinda. Anayeondolewa mahali ni mshtakiwa. Yule mume wa panga aendewe na mzee, aambiwe siku na saa ya kikao, maana mwenye kujua kwamba jambo lina tarehe hupunguza moto. Ijumaa haitoshi, mwenye shamba aambiwe juma moja au mawili, wala si miezi. Uamuzi ukitoka, pande zote mbili zielezwe, pamoja na sababu zake, na kila upande uambiwe kwamba asiyeridhika aweza kwenda kwa afisa wa kazi wa serikali. Zile siku mbili, zikidhihiri kwamba zilifanyiwa kazi, zilipwe mara moja, hata kama lile la nyuma ya banda halikuthibiti.

Na ikiwa nyapara atasafika, mwenye shamba asimame mbele ya vibarua wale wale aseme hivyo, kisha amwambie pia kwamba kuanzia siku hiyo daftari litasomwa kwa sauti kila jioni, na kila mtu ataiona alama yake ikitiwa.

Ndugu yetu ameuliza mwishoni, katika pambizo la barua, kwa kalamu nyingine, kama yampasa kutia jina lake chini ya ushahidi wa daftari, au aandike tu "karani." Atie jina lake lote, na tarehe, na saa. Na aliposoma majina nyapara siku ya tano na ya sita, ikiwa yeye karani alijua mwanamke yule yuko shambani naye akaandika kama alivyosomewa, basi hilo aliandike kwanza.